Herufi ya Ziada Mlangoni

Wapendwa, masikio yananiwaka hadi sasa.

Ninafundisha vijana wa Mikumi maneno magumu ya Kiingereza yanayotokea kwenye usaili wa ajira. Siwakaririshi, ninawaonyesha neno lilikotoka. "Ped ni mguu," huwaambia. "Kumbukeni pedali ya baiskeli. Kwa hiyo pediatrician ni daktari wa miguu. Mnaona ilivyo rahisi?"

Juzi mama mkwe alishuka kutoka Vidunda, goti limevimba. Nikampeleka hospitali. Mlango mmoja ulikuwa na kibao: Paediatric Clinic.

"Ndipo hapa, mama."

Foleni ilijaa kina mama wenye watoto mgongoni. Nikawahurumia: kwa kubeba kote huko, miguu itaachaje kuuma?

Zamu yetu ilipofika nikamnong'oneza nesi, nisimwaibishe: "Dada, aliyewaandikia kibao kakosea. Kaongeza herufi a."

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Mgonjwa ni mama huyu. Goti."

"Baba, hapa tunatibu watoto. Si mmesoma mlangoni?"

Nikafungua kamusi kwenye simu. Kumbe ped ya Kilatini ni mguu, na paed ya Kigiriki ni mtoto! Herufi niliyoiita kosa ndiyo iliyokuwa ikinionya.

"Mkwe," mama akasema, "kumbe umenileta kliniki ya watoto?"

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mmoja. Alikuwa Neema, mwanafunzi wangu, na mwanawe mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema taratibu. "Usaili wangu ni kesho. Na yale maneno mengine?"