Remy Alishuka Kumzika Baba Yake

Mzee Isko alilala ndani ya jeneza sebuleni kwake, hapa Tondo, mtaa wa Manila, akingoja meli. Binti yake Remedios, ambaye sote tunamwita Remy, husafisha vyumba katika meli kubwa ya watalii. Aliposikia baba amefariki aliomba ruhusa ya kurudi. Wakubwa wake wakamwambia avumilie, meli yenyewe itapita Manila kabla ya mwezi kwisha. Basi matanga yakarefuka. Majirani tulikesha kwa zamu, wanaume wakacheza karata chini ya turubai, na mjane wake, Bi Soledad, akawa anachemsha kahawa kama mtu aliyeajiriwa. Joto lilikuwa kali. Yule anayetia maiti dawa isioze alikuja, akachungulia kioo cha jeneza, akamwita Soledad pembeni.

"Mama, mwisho kesho. Zaidi ya hapo mimi simo."

Na kesho hiyo ndipo meli ilipoingia.

Mimi sikupata usingizi. Nina binti, Jessa, naye ameshapimwa afya na anangoja kuitwa melini, kwa hiyo kila linalompata Remy nalitazama kama langu. Tulidhani atafika asubuhi. Lakini watalii walishuka kwanza, wakapandishwa mabasi kwenda kuona mji wa kale, na Remy akabaki akitandika vitanda vyao. Halafu zamu ya kubaki ilikuwa imemwangukia, maana katika kila bandari sehemu ya wafanyakazi hawashuki, wasije wakakosekana moto ukitokea. Ikabidi ambembeleze Charito, anayelala naye chumba kimoja, wabadilishane. Alipotokea uchochoroni jua lilishapita utosi, na fulana nyeusi ameivaa juu ya sare.

"He, Remy! Umenenepa!" Dodong alipaza sauti kutoka kwenye karata. "Unamaliza mabaki ya Wazungu?"

"Nimevaa nguo mbili, we mlevi," akajibu akicheka. Kicheko kilimkatikia mlangoni.

Aliushika mkono wa mama yake akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, ndivyo tunavyowaamkia wazazi, kisha akainama juu ya baba.

"Rudi nyuma kidogo," Soledad akamwambia. "Chozi lisidondokee kioo. Utamfanyia safari nzito."

"Mbona amekuwa mdogo hivi?"

"Ni hiyo suti. Ilikuwa ya kaka yake."

Nikamuuliza Remy anatakiwa kurudi lini.

"Saa kumi na moja ngazi inavutwa, shangazi. Hawamngoji mtu."

Tulitoka kwa miguu nyuma ya gari la maiti, ndivyo tunavyozika. Malori ya makontena yalikuwa yameziba barabara. Tulikuwa tukisogea, tunasimama, tunasogea. Remy alitazama saa yake, na mimi nikaitazama hiyo hiyo. Nilitaka kusema tupande magari tuwahi, lakini nani angemwambia Soledad amkimbize mumewe kaburini? Darajani kila kitu kilisimama kabisa. Makaburi yalikuwa bado mbali. Remy aliweka kiganja kwenye kioo cha nyuma cha gari.

"Mama, siwezi tena."

"Nenda," Soledad akasema bila kumtazama. "Ukifukuzwa kazi, yeye hafufuki." Kisha akanigeukia. "Msindikize wewe. Mfiwa hamsindikizi mtu. Na umpitishe mahali kwanza, asiende moja kwa moja kitandani kwake."

Kwetu atokaye msibani hupitia popote, hata dukani, ili marehemu apotelee hapo asimfuate anakolala. Nilishika hilo moyoni. Tukapanda pikipiki yenye kiti cha pembeni, na kabla hatujafika mbali simu ya Remy ikalia. Alikuwa Charito, sauti juu.

"Umeshapita mahali? Usituletee mzee chumbani, dada, mimi ndiye ninayelala kitanda cha chini!"

Remy alikata simu. Karibu na bandari nilimsimamisha dereva mbele ya duka la mikate.

"Shuka mara moja tununue mkate."

"Sishuki, shangazi."

"Remy, mwanangu, hili si la kuchezea."

"Kila nilipokwenda kuifuata meli ng'ambo, baba alinisindikiza uwanja wa ndege, akaishia mlangoni, mlinzi akamrudisha. Leo nimtupe kwenye duka la mikate? Aje. Chumba chetu hakina hata dirisha, lakini aje."

Nilimng'ang'ania mkono. Niliogopa kweli. Alinibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, akamwambia dereva, "Twende, kaka."

Getini watalii walikuwa wakirudi na kofia mpya za majani. Alivua fulana nyeusi akanipa, akabandika kibao cha jina lake kifuani. Mzungu mmoja mzee alimtambua, akamwambia jambo, na papo hapo uso wa Remy ukafunguka kwa tabasamu ambalo sikuwahi kuliona mtaani kwetu. Akampokea mifuko. Wakaingia pamoja, na hakugeuka.

Nilisimama nje ya uzio mpaka ngazi ikavutwa. Ndipo Soledad akapiga kutoka makaburini.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Mafundi wamechoka kusubiri. Nilidhani atapiga simu ya video, aone." Akashusha sauti. "Mlipita mahali?"

"Tulipita. Alikula mkate."

"Afadhali," akasema, kisha nikamsikia akiwaambia waanze kupanga matofali ya kuziba kaburi.