Seva Mbili Zilizopanda Ufipa

Nilikwenda Sumbawanga kwa kukimbia utepe wa taipureta. Miaka ya nyuma nilikuwa nakaa kaunta ya duka letu la vifaa vya ofisi, Dar es Salaam, nikiuza utepe huo mpaka vidole vyangu vikawa vyeusi kama vya fundi baiskeli. Kisha biashara huria ikakolea, kila mwenye duka la maana akataka kompyuta, na bosi wangu, Bwana Hemedi, akanipeleka kozi fupi na kunihamishia upande wa kompyuta. Aliposikia kwamba kuna mfanyabiashara wa jumla mjini Sumbawanga anatafuta seva, yaani ile kompyuta moja inayohudumia nyingine zote, akaniita. "Tabu, mpelekee. Ukirudi mikono mitupu, wewe ni mtu wa kompyuta. Ukirudi na mashine yangu, utepe unakusubiri." Niliifunga seva kwenye boksi siku hiyohiyo, huku vidole vikiniwasha.

Stesheni ya Mbeya, asubuhi, pikapu ya mteja ilikuwa imeshafika. Nilidhani imekuja kwa ajili yangu. Nikiwa nahangaika na boksi langu nikamwona kijana mwenye suti ya kijivu akisimamia wachukuzi wawili waliobeba boksi lililo mara mbili ya langu. Huyo alikuwa Mponzi, muuzaji wa kampuni pinzani, ambaye nilikuwa nikikutana naye katika kila ofisi jijini, yeye akitoka huku anatabasamu na mimi ndiyo kwanza naingia. Mteja alikuwa ametuita sote wawili, kila mtu na mashine yake, na ili kuokoa mafuta akatuma gari moja.

"Dada Tabu!" Mponzi akaniita. "Umekuja na redio?"

"Nimekuja na seva. Wewe naona umehama na friji."

Dereva alitoa mablanketi mawili mazito. Kwa kuwa baridi ya Mbeya ilikuwa imeanza kuning'ata masikio, nikanyoosha mkono. Akanipita na kuzifunika mashine, moja moja, akizichomekea pembeni vizuri. "Mzee kasema zisipate baridi," akaeleza. Nilipouliza kuhusu sisi, akatutazama mmoja mmoja. "Nyie mkiharibika mnapona."

Kutoka Tunduma tuliiacha lami, na kuanzia hapo nilijifunza rangi zote za vumbi. Mwanzoni lilikuwa jekundu, baadaye likawa la kahawia, na tulipokaribia Laela lilikuwa jeupe kama unga wa sembe. Suti ya Mponzi ilipitia rangi hizo zote kwa zamu. Ninyi mnaolalamikia joto la pwani hamjakaa nyuma ya pikapu mwezi wa Juni, upepo wa uwandani ukipita ndani ya sweta kama halipo. Nchi yenyewe ni nzuri, nakiri. Ni wazi, imejaa nyasi za dhahabu na mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na vilima vyake havina haraka ya kuwa milima. Laela tulikunywa chai ya maziwa. Mponzi akanieleza kwa huruma kwamba mashine yake ingenimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Nikamwomba sukari.

Sumbawanga tuliingia alasiri. Duka la Mzee Desderi lilikuwa karibu na soko, refu, lenye ghala nyuma, na foleni yake ilitoka mlangoni ikapinda kona. Watu walikuwa wametoka mbali: wachuuzi wa dagaa kutoka Kipili, wenye maduka kutoka Mwimbi, wafugaji wa Kisukuma kutoka bondeni na fimbo zao. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Habari za Dar? Za njiani? Wazazi hawajambo? Mahindi huko mmevuna?" Nikamwambia Dar hatulimi mahindi. Akasikitika kwa dhati. "Poleni sana. Na baridi?" Alipomaliza kunisalimia mimi, akaanza upya na Mponzi. Ndipo akatuonyesha shida yake. "Foleni hiyo mnaiona. Nina kompyuta ya zamani, niliinunua kwa mradi mmoja wa wafadhili ulipofungwa. Makarani wangu wanasema inafikiri mno. Mimi nikiwa ofisini humu nasikia siku nzima: mashine inafikiri, mashine bado inafikiri. Jirani yangu kafungua duka la jumla hapo ng'ambo. Nikichelewa, wateja watavuka barabara."

Asubuhi iliyofuata tulizipanga mashine ofisini kwake na kuanza kupima. Kipimo tulichotumia ni kilekile wanachotumia watengenezaji wote, ili mtu asije akajisifu kwa kipimo chake mwenyewe. Ndani ya disketi kuna kampuni ya kubuni, ina maghala, makarani na wateja. Wateja wanaagiza mizigo, wengine wanalipa, wengine wanauliza mzigo wao umefika wapi, huku ghala likihesabu kilichobaki. Yote yanakwenda kwa pamoja, na seva inahesabiwa maagizo mapya iliyomaliza kila dakika. Jibu likichelewa kupita sekunde chache, matokeo hayakubaliki. Kwa lugha ya nyumbani, ni kuliendesha duka zima bila kuwa na duka.

Mashine yangu ilijitahidi. Ya Mponzi ilinguruma kidogo, ikamaliza maagizo karibu maradufu. Ilikuwa bado saa nne haijafika.

"Pole, dada," akasema Mponzi, akijipangusa vumbi ambalo halikuwapo tena.

Mzee Desderi alikuwa ameinamia skrini yangu, anatazama wateja wa kubuni wakipita. "Hawa ni akina nani?"

"Hawapo, mzee. Ni wa mfano tu."

"Mbona hawasalimii?"

Mponzi alicheka. Mimi sikucheka, maana niliuona utepe wa taipureta ukinyemelea, na mtu anayenyemelewa husikiliza vizuri. Kipimo kile kina adabu yake. Kimemwekea karani wa kubuni muda wa kuandika agizo na muda wa kufikiri kabla ya kuchukua lingine, kwa sababu waliokitunga walijua kwamba anayebonyeza vitufe ni binadamu. Ila binadamu wao ni wa nchi za watu wenye haraka. Nikamwomba mzee ruhusa ya kukaa kaunta nikapime muda wa makarani wake wa kweli.

Mchana ule kaunta nilikaa karibu na Leokadia, mkuu wa makarani, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kichwa na sauti ya kuongozea kwaya. Aliingia mama mmoja na wenzake wawili. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, na Leokadia naye akaacha kibodi, akainama na kupiga makofi yake. Wakasalimiana kwa Kifipa. Waliulizana watoto, wakaulizana shamba, wakaulizana mgonjwa wa mtu fulani ambaye nadhani hata yeye alipona wakati wakiendelea kumuulizia. Kisha wenzake wawili wakasalimiwa, mmoja mmoja, kwa sababu kumruka mtu ni kumtukana. Nyuma yao mfugaji wa Kisukuma aliegemea fimbo yake.

"Mama, bado?" akauliza kwa Kiswahili.

"Bado kidogo, baba," Leokadia akajibu bila kugeuka. "Mashine inafikiri."

Nikaichungulia skrini yake. Mashine ilikuwa haifikiri chochote. Ilikuwa imekaa, kialama chake cha kuandikia kinapepesa, inasubiri mtu aiambie sabuni katoni ngapi.

Leokadia akaniona ninavyochungulia. Tukatazamana. "Dada yangu," akaninong'oneza, "sasa nimwambie nini? Kwamba asubiri tunaongea?"

Niliona furaha isiyo ya kiungwana. Nilirudi ofisini, nikabadilisha muda wa kufikiri ule wa vitabuni nikaweka wa Sumbawanga, idadi ya makarani ikawa ileile iliyopo dukani, nikamwambia mzee tupime tena. Mashine ya Mponzi na yangu zilitoa matokeo sawasawa. Tukarudia. Sawasawa. Ile kubwa ilikuwa na nguvu za kuhudumia mkoa mzima, lakini mkoa ulikuwa bado unasalimiana.

"Kwa hiyo hii ndogo inanitosha?" mzee akauliza.

"Inakutosha na kubaki, mzee. Na bei yake ni ya kibinadamu."

Mzee Desderi akacheka, akatoa kalamu. Nilianza kuiona meza yangu mpya Dar, pembeni ya dirisha. Nilimgeukia Mponzi nikampa pole, tena kwa sauti yake mwenyewe, nikimwita kaka. Hapo ndipo nilipokosea. Mponzi aliweka mikono mifukoni, akaangalia dari, akasema polepole, "Mzee, kwa haki kabisa, si upime na ile yako ya zamani?"

Kalamu ikasimama. Mimi nikasema si lazima, ile ni ya zamani mno, haitaikubali hata disketi. Mzee akanitazama kwa yale macho yanayocheka kabla ya mdomo. "Tujaribu tu, mwanangu."

Ile kompyuta ya mradi uliofungwa iliipokea disketi kwa mikwaruzo na kukohoa. Ilianza taratibu, ikanipa matumaini. Kisha ikashika mwendo wake, agizo baada ya agizo, majibu yakija ndani ya muda unaoruhusiwa. Matokeo yakatoka sawasawa na ya zile mbili. Mponzi aliketi chini akacheka hadi machozi yakamtoka, na alikuwa amepoteza biashara kama mimi.

Leokadia aliitwa ofisini. Alisimama mlangoni ameshika kitambaa chake, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, kwa kuwa ni kipimo changu kilichomuumbua. Mzee akamuuliza kama ni kweli mashine haikuwa ikifikiri.

"Ni kweli, mzee. Lakini nikiacha kuwasalimia…"

"Ukiacha kuwasalimia watavuka barabara leo hii," mzee akamalizia. "Jirani anauza kwa haraka, ndiyo maana duka lake ni tupu. Kumbe watu wangu hawachoki kusubiri, wanachoka kusimama." Akairudisha kalamu mfukoni. "Nitanunua viti."

Njia ya kurudi, zile seva mbili zilikaa kifahari ndani ya mablanketi yao. Mponzi alinigawia nusu ya koti lake, mimi nikamgawia karanga, na tulivyopita Laela tulikuwa tunachekana wazi. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa faida ya wanaouza mashine: kipimo ni cha kweli, ila ukitaka kuuza, usikichokonoe mpaka kikakwambia ukweli wote.

Dar es Salaam, Bwana Hemedi alilitazama boksi, akanitazama mimi, akaonyesha kaunta kwa kidole. Niliumia, siwezi kuficha. Wiki zilizofuata vidole vyangu vilirudia weusi wao.

Siku moja simu ya kaunta ikalia, simu ya masafa marefu. Alikuwa Mzee Desderi. Viti vimejaa, akasema, na wateja wameongezeka, na printa ya ile kompyuta ya zamani inachapa risiti kutwa mpaka utepe wake, ndugu wa ule wa taipureta, unaisha kama pipi. Alitaka utepe, maboksi kwa maboksi, wa kwake na wa wenye maduka wenzake wa Mwimbi na Kasanga. Lakini idadi kamili aliiacha mwishoni. Kwanza alitaka kujua wazazi hawajambo, na bosi, na Mponzi, na kama mwaka huu Dar tumeshapanda mahindi.

Bwana Hemedi, aliyenisikia nikirudia "maboksi kwa maboksi" na ambaye hajawahi kuona maagizo makubwa namna ile ya kitu chochote, alisimama mbele yangu na kalamu na kitabu cha oda. Aligonga saa yake ya mkononi. Akagonga tena. "Tabu! Anataka boksi ngapi?"

Nikaufunika mdomo wa simu kwa kiganja changu cheusi.

"Subiri kidogo, bosi," nikamwambia. "Mashine inafikiri."