Lori Lililorudi Tupu

Chupa zake zilisikika kabla hajatokeza kwenye kona, kioo kikigongana na kioo ndani ya kikapu, polepole, kwa mwendo wa mtu aliyetembea tangu alfajiri. Ndivyo mtaa wetu wa Ruangwa ulivyojua kwamba Bi Somoe ameleta mafuta ya ufuta, aliyoyatoa mwenyewe kwa kinu na maji moto, yenye harufu ya mbegu zilizokaangwa. Kabla hujanunua, alikudondoshea tone mgongoni mwa mkono, ulambe. Msimu ule wanunuzi walikuwa wamemwishia. Duka la baba, Mchaga aliyehamia kusini kutafuta riziki, lilijaa madumu ya njano ya mafuta ya kupikia kutoka Kenya, ya bei nafuu, ambayo watu waliyaita "jumuiya". "Mangi, nipimie jumuiya," walisema.

Siku hiyo Bi Somoe alivaa kanga mpya. Alikuwa amesikia redioni kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimefunguliana milango ya biashara, na nje aliliona lori likishusha madumu.

"Mangi, mwanangu, lile lori linarudi na nini?"

"Linarudi tupu, mama."

"Basi linichukulie mafuta yangu. Na wao waonje."

Wateja kwenye benchi wakaangua kicheko. "Bibi, Nairobi nzima utaitwangia peke yako?"

"Si nitakuja kukuchukua wewe ushike mchi!" akajibu, akicheka nao.

Baba hakucheka. "Hayana nembo ya ubora, mama. Mpakani hayapiti."

"Nembo ya nini? Lete mkono."

Akamdondoshea tone. Baba akalitazama, akavuta tambara, akalifuta. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya dumu la njano, uso ukiniwaka, nikitamani mkono ule usiwe wa baba yangu.

Sasa naishi Dar es Salaam. Ufuta wetu unaondoka kusini kwa magunia, na mafuta yake nayakuta dukani kwenye vichupa vyenye nembo, kwa bei ambayo Bi Somoe angeidhania utani. Baba hakumdanganya. Mlango ulikuwa umefunguliwa kweli, ila kwetu ulikuwa wa kuingizia tu, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye madumu yale. Hadi leo nikiandika neno jumuiya, uso unaniwaka vilevile.

Siku ile Bi Somoe hakugombana. Aliziba chupa yake, akatuaga mmoja mmoja, hata mimi, akatoka, kisha akaurudisha mlango mwenyewe, taratibu, vumbi la barabarani lisiingie kwenye bidhaa zetu.