Bati la Jikoni kwa Mama

Kanisa letu la Anglikana pale Kamunyonge, kando ya ziwa, lilikaa miaka bila paa. Kuta zilisimama, mbuzi wakashinda madhabahuni, na sisi tukawa tunasali kwenye darasa la shule ya msingi. Hatukuwa wavivu. Miaka ile ya uhaba hata sabuni tuliipangia foleni, na bati jipya tulilisikia tu kwenye maongezi.

Mimi nilikuwa mchumba wa kijana wa Nyasura, Bunda, na kichwa changu kilikuwa kigumu. Dada yangu alifungishwa ndoa mbele ya ubao wenye hesabu za kugawanya. Nikaapa: mimi ni kanisani, chini ya paa, la sivyo siolewi. Mchumba alinibembeleza. Mama yake akatuma ujumbe kwamba mwanawe hatazeeka akisubiri mabati. Niliogopa, lakini sikulegea.

Asubuhi moja nikasikia misumari inalia nyuma ya nyumba. Mama yuko juu ya paa la jiko, khanga kaipiga kibwebwe, anang'oa bati.

"Mama, utapikia wapi?"

"Kwani moto unaulizaga paa? Shika huku!"

Tukalibeba hadi kanisani, upepo wa ziwani unatuyumbisha barabara nzima, watu wanatushangaa. Wiki ile mabati yakaanza kushuka kutoka kwenye mabanda ya kuku, yakaja kanisani. Mzee wa kanisa akaleta la choo chake, na familia yake ikawa inaingia chooni na mwavuli.

Siku ya harusi kila mtu aliketi chini ya bati lake, kama analilinda. Mchungaji akauliza kama kuna pingamizi, na hapohapo mvua ikashuka. Kelele! Hata angekuwepo wa kupinga, nani angemsikia? Nikaona midomo ya mchungaji inacheza, nikapiga kelele "Ndiyo!" kabla hajafika kwenye swali langu.

Tone jeusi likatua kwenye shela langu, ambalo lilikuwa chandarua. Likaja la pili, mpaka shavuni. Nikatazama juu: bati la mama, na masizi yake yote. Mama akaanza kucheka, mama mkwe akafuata, kisha kanisa zima. Niliolewa nikicheka, uso mweusi, na furaha imenijaa hadi miguuni.

Biashara ilipofunguliwa na maduka kujaa, kanisa likaezekwa upya, kila mtu akaitwa achukue bati lake. Kumbe miaka yote hiyo mama alipikia chini ya paa la nyasi, mvua ikija anakula kiporo. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Nikataka kumnunulia jipya, akakataa katakata, akapigilia lilelile.

Mvua ya kwanza, tone likadondoka karibu na sufuria. Mwanangu akakimbilia lami aliyoomba kwa jirani, azibe.

"Acha hilo tundu," mama akamwambia. "Mama yako aliolewaga chini yake."

Akanivuta nisimame palepale. Tone likanipata shavuni, jeusi vilevile, tukacheka mpaka ugali ukaungua.