Jibu la Kwanza la Seva ya Kiwangwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilizima kiyoyozi. Niliajiriwa kuvuta nyaya kwenye chumba cha seva, pale Vigwaza, nami nimekuja na shati jepesi la kuazima. Seva ni kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu na kuzigawia kompyuta nyingine, lakini siku ile mimi niliona makabati tu yanayonguruma. Baridi yake kama ya mochwari. Nikazima, nikafungua dirisha, upepo ukaingia pamoja na vumbi la barabara ya Morogoro. Haikupita saa moja, makabati yakapata joto, yakazimika yenyewe, ofisi nzima ikasimama.

Meneja akaja mbio. "Nani kazima kiyoyozi?"

"Mimi, mkuu. Nilikuwa natetemeka."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"Kidato cha pili."

"Ulimaliza?"

"Hicho cha pili chenyewe ndicho sikukimaliza, mkuu."

Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la nyaya. Kicheko kile ndicho kilichoniajiri mara ya pili.

Basi nikavuta nyaya Vigwaza miaka mingi, halafu nikahamishiwa Kiwangwa kutunza seva. Kule mtandao ulikuwa ukikatika siku nzima, na mimi sina kazi. Ofisini kulikuwa na rundo la karatasi za msimbo, yaani yale maandishi ya kuiambia kompyuta ifanye nini. Nikaanza kuyasoma kama mtu anavyosoma gazeti lililofungiwa maandazi, bila kujali mwanzo wala mwisho. Nisipoelewa, nauliza. Niliuliza sana, mpaka mafundi wa Bagamoyo wakiona namba yangu kwenye simu wanasukumiana nani aipokee.

Aliyekuwa akiipokea ni Mhandisi Mkuu, mama mmoja wa Pangani, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano. Siku moja nikamuuliza swali, akasema, "Mzee Kondo, hapo kweli tumekosea." Mwezi uliofuata nikahamishiwa Bagamoyo mjini, cheo: mkaguzi wa msimbo. Mke wangu aliuliza kama wamekosea jina.

Kazi ya mkaguzi ni hii. Mwenzio akiandika msimbo, hauwashwi mpaka mtu wa pili ausome na kuuwekea saini. Saini yenyewe ni kubonyeza kitufe, lakini jina lako linabaki pale.

Kampuni yetu ilitengeneza mfumo wa akiba za damu kwa hospitali na vituo kadhaa vya binafsi: mjini, Kiwangwa, Fukayosi. Kila kituo kilikuwa na seva yake. Chupa ya damu ikitoka mjini kwenda Fukayosi, lazima ipungue kwenye daftari la mjini na iongezeke kwenye la Fukayosi kwa pamoja, na vituo vingine vijue. Huo ndio muamala. Ama ukamilike kote, ama usifanyike popote. Ukikamilika nusu, kuna muuguzi atafungua jokofu kutafuta chupa ambayo haipo.

Ili usikamilike nusu, seva ya mjini huuliza kwanza: "Mko tayari?" Wote wakisema tayari, ndipo inaamuru: "Haya, fungeni." Zamani iliuliza mmoja mmoja. Fukayosi akichelewa kujibu, Kiwangwa anasubiri foleni, na muuguzi anasubiri akiwa na mgonjwa. Mhandisi Mkuu akaandika msimbo mpya: waulizwe wote kwa mpigo, halafu mjini ipite kukusanya majibu. Kazi safi. Tukaujaribu ofisini, ukaruka kama swala.

Nikausoma. Nilifika mstari mmoja, pale panapokusanywa majibu, nikasita. Nikajiuliza, mbona anachukua jibu moja tu kwa kila seva? Halafu nikajijibu mwenyewe: Kondo, huyu mama ana digrii mbili, wewe una kidato kimoja na robo. Nikabonyeza.

Msimbo ulipangwa kuwashwa asubuhi ya kesho yake, saa nne. Asubuhi hiyo nimekaa na chai yangu, nikampigia Bi Mwanahawa, aliyenirithi Kiwangwa, kumjulisha.

"Wewe mzee wa mjini, hujafa?"

"Nife nikuachie nani? Habari za huko?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mashine?"

"Nzima tu, haina neno. Ila diski imejaa tangu jana, haiandiki kitu."

"Haina neno, na haiandiki?"

"Sasa mzee, ulitaka nianze na diski kabla ya salamu? Mimi sina adabu?"

Nilicheka. Kisha chai ikanipalia. Sote tumelelewa hivyo huku kwetu. Mtu anaulizwa habari anajibu njema, na maiti iko ndani. Jibu la kwanza ni adabu. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Na seva zetu, sijui nani kazilea, nazo zilikuwa hivyo hivyo: ukiipa amri, inajibu kwanza "nimepokea", halafu baadaye ndiyo inakuambia kama imeweza. Msimbo mpya ulikuwa unachukua lile la kwanza, unahesabu kuwa ni tayari, unaondoka. Ofisini hatukuona kitu kwa sababu seva zote za majaribio zilikuwa na afya. Hazikuwa na "ila".

Nikakimbia. Miaka ile goti langu la kushoto lilikuwa tayari na msimamo wake, lakini siku ile lilinitii. Mhandisi Mkuu alikuwa mezani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi. Usiwashe ule msimbo. Nafuta saini yangu."

Akanitazama. Ofisi ile hakuna aliyewahi kufuta saini. "Mzee, nimewasha tangu saa mbili. Wakubwa walitaka mapema."

Nikamweleza, maneno yakitoka kinyumenyume, diski ya Kiwangwa, nimepokea, ila. Hakubisha. Akafungua ule mstari, akausoma, akaweka mkono mdomoni. Halafu akazima, mfumo ukarudi wa zamani.

"Umepita muamala mmoja tu," akasema. "Chupa mbili, mjini kwenda Fukayosi. Kuna mama kajifungua, anatoka damu. Kioo cha kompyuta kinasema umekamilika."

"Kioo kinasema salama," nikasema.

Akapiga simu Fukayosi, akafungua spika nami nisikie. Akapokea sista.

"Habari za hapo, sista?"

"Salama tu, dada."

Nikadakia. "Sista, hiyo salama ya salamu au ya kweli?"

"Nani huyo?"

"Mzee mmoja, usimjali," akasema Mhandisi Mkuu. "Zile chupa mbili zimeandikwa kwenye mashine yenu?"

"Ngoja nikaangalie."

Tukasikia ndara zake zikienda. Nakuambieni, nimeoa, nimeozesha, nimezika wazazi, lakini sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri zile ndara zirudi. Nilikuwa najiona nikimweleza mume wa yule mama kwamba niliona, nikasita, nikaona haya kuuliza.

"Zimeandikwa zote mbili. Na zimefika na pikipiki. Moja tumeshamtundikia."

Mhandisi Mkuu akamuuliza, "Ila?"

"Ila nini, dada? Mama anaendelea vizuri. Anaomba uji."

Nilikaa sakafuni. Diski ya Fukayosi ilikuwa na nafasi, basi. Bahati tupu. Daftari la Kiwangwa ndilo halikuandika; chupa zile zingepangiwa huko, lingekuwa jambo jingine.

Nikamwambia Mhandisi Mkuu anifukuze kwa heshima, niseme nyumbani nimechoka kazi. Akaniuliza, "Ulipousoma jana, hukuona?"

"Niliona. Nikaona haya."

"Mzee Kondo, wenye digrii wa kubonyeza kitufe ninao wanne. Nilikutoa Kiwangwa kwa ajili ya maswali yako. Ukianza kuona haya, na mimi nimebaki na nani?"

Tukakaa pamoja mpaka adhuhuri tukarekebisha: mjini isikilize kila seva mpaka iseme nimemaliza, ndipo ihesabu. Safari hii niliuliza maswali mengi mpaka akaomba maji.

Nimestaafu sasa. Nyinyi mnaoanza, msijisumbue na elimu yangu, ni fupi, mtaimaliza kabla ya chai kupoa. Ulizeni tu, hata swali likiwa la aibu. Mimi nilifanya kazi ile miaka mingi, na nikikumbuka siku ile bado napumua kama mtu aliyetua gunia. Yule mama wa Fukayosi sijui hata jina lake, naye hajui kama nipo duniani. Ni heri hivyo. Tungejuana, tungejuana mahakamani.