Mfadhili Alimtaka Babu Yangu

Kuna siku nilimkuta msichana nisiyemjua akimlilia babu yangu mbele ya watu mia tatu.

Si mafumbo. Babu yangu mzazi, baba wa baba. Picha yake imejaa ukuta mzima wa ukumbi, na binti wa watu kashika kipaza sauti, anasema: "Huyu ndiye babu yangu. Ndiye aliyenifanya nianze mradi huu."

Mimi niko mlangoni na mfuko wa kimbapu, ule wali wa kuviringishwa kwa mwani. Nilikuwa nimewaletea wenzangu chakula.

Nilidhani nimekosea ukumbi.

Naitwa Da-jeong, ukoo wa Ok. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma biolojia kwenye chuo kimoja cha Jinju. Kwetu ni kijiji cha wafuga kome, nje kidogo ya Masan.

Babu alifariki miaka minne kabla, majira ya machipuko. Alichuma kome kwenye miamba, akachemsha, akala bakuli mbili na supu akaisifia. Msimu ule kome huwa na sumu, na sumu yenyewe haifi kwa moto. Alianza kusema midomo imekufa ganzi. Tukamcheka. Baada ya saa chache pumzi ikakata.

Ndiyo maana nilipofika chuo nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Kikaratasi. Unakichovya kwenye maji ya kome, kikigeuka zambarau, unamwaga sufuria nzima. Kiwe rahisi, hata bibi wa sokoni akimudu.

Tukaunda timu ya watu watatu.

Kiongozi alikuwa Pyo Seung-gyu, mwaka wa nne, mpole, mpaka walinzi wa geti wanampenda. Wa pili Mi-reu, tulikuwa chumba kimoja bwenini, ulimi wake wembe. Wa tatu mimi.

Sasa niwaambie ukweli. Ukiwa mwanafunzi Korea, sayansi si akili tu. Ni kuomba.

Profesa alitupa kona ya maabara na pesa kidogo ya idara. Kemikali zikaimeza. Tukajaza fomu za chuo, tukaambiwa fungu la mwaka limeshaenda kwa watu wa roboti. Tukaandika barua kwa kampuni sitini.

Zikajibu tatu.

Moja ilitupongeza. Ya pili ilikosea jina la chuo. Ya tatu ilituma katoni mbili za mwani mkavu.

"Poa tu," Mi-reu akasema huku anatafuna. "Tutashindwa tukiwa tumeshiba."

Ikabidi tufungue changizo mtandaoni. Ukichanga unatumiwa soksi zenye picha ya kome. Hapo ndipo nilipoandika habari ya babu. Sikuipamba. Niliandika na kile kicheko chetu.

Watu wakaguswa. Wauguzi, wanafunzi, muuza samaki mmoja wa Ulsan aliyechanga akasema soksi hataki. Watu mia nne na ushee. Tukafika nusu ya lengo.

Hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyonimaliza.

Mwezi wa sita Seung-gyu akaja anacheka hadi fizi.

"Jamani, mchongo umetiki! Kuna kampuni ya kusindika vyakula vya baharini. Mkurugenzi anaitwa Seo. Kasoma habari ya Da-jeong, kaguswa. Analipa yote iliyobaki."

"Anataka nini?" Mi-reu akauliza.

"Hataki kitu. Nembo yao kwenye fulana, basi."

"Kaka, hata ule mwani wa bure ulikuja na tangazo lao."

Tukacheka. Nikampigia baba, nikamwambia tumetoboa. Akasema, "Vizuri." Baba si mtu wa maneno.

Baada ya hapo wenzangu wakabadilika. Nikiingia maabara, mazungumzo yanakatika. Mi-reu, mtu ambaye hata maji ya moto hakupi bure, akaanza kuninunulia kahawa kila asubuhi.

Nikajua ni uchovu. Sote tulikuwa tumechoka.

Shindano la taifa lilikuwa Seoul, mwezi wa tisa. Atakayeshinda anapelekwa ng'ambo. Siku tatu kabla, Seung-gyu akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, vipimo vya mwisho bado. Baki umalizie. Jukwaani tutasimama sisi."

Hakuniangalia usoni. Niliumia, lakini vipimo vilikuwa vyangu kweli. Nikabaki.

Vikaisha mapema. Kwenye maji yenye sumu vikaratasi vikageuka zambarau vyote, bila kukosea hata kimoja. Nikapanda treni ya alfajiri, na kimbapu zangu, niwape habari njema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndiyo nikakuta msiba wetu una mfiwa mwingine.

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Yule binti alijua kila kitu. Miamba, bakuli mbili, supu. Seung-gyu kasimama kulia kwake, Mi-reu kushoto, wote wanaangalia sakafu.

Jaji mmoja mama akauliza kwa upole, "Pole sana, binti. Babu yako dalili zilimwanzia wapi, mdomoni au vidoleni?"

Yule binti akamtazama Seung-gyu. Hilo hawakumwandikia.

"Mdomoni."

Nikashangaa sauti ni yangu. Nimesimama.

"Alisema midomo imekufa ganzi kama ametoka kung'oa jino. Tukamcheka. Aliyeanza kucheka ni mimi."

Ukumbi mzima ukageuka. Mi-reu akaziba uso. Mkurugenzi Seo alikuwa safu ya mbele, suti ya kijivu, shingo yake ikawa nyekundu taratibu kama chungu kinachopata moto.

Wakatutoa nje, sote wanne.

Sikumpa Seung-gyu nafasi ya kupumua. "Umeniuza bei gani?"

"Da-jeong, tuliza..."

"Nakuuliza bei, kaka!"

"Ulikubali!" Naye akapandisha. "Usinifanye mimi shetani. Ulikubali mwenyewe, kwa muhuri!"

"Muhuri gani?"

Akachomoa karatasi kwenye begi.

Ilisema mimi, Ok Da-jeong, naridhia nafasi yangu jukwaani ichukuliwe na Seo Ye-rang, binti wa mkurugenzi, na habari ya babu isimuliwe kama yake. Chini kuna muhuri wa jina langu, ambao kwetu ndiyo sahihi ya mtu. Wangu kabisa, wenye ufa pembeni.

"Miezi miwili," nikamwambia, "tunakula meza moja. Hukuweza kuniuliza?"

"Niliona aibu. Nilidhani na wewe unaona aibu."

Nikamgeukia Mi-reu. "Na wewe? Ulimi umeupeleka wapi?"

Akalia tu. "Waliniambia nisikutoneshe kidonda. Nikakununulia kahawa."

Ye-rang ndiye aliyenyoosha kidole. "Dada... chini ya muhuri wako kuna mwingine."

Kulikuwa na muhuri wa pili, mdogo, wa mzazi anayethibitisha.

Jina la baba yangu.

Muhuri wangu nilikuwa nimeuacha nyumbani, kwenye droo ya mama, tangu siku niliyoondoka kwenda chuo. Mbali na mimi, waliojua ulipo ni baba na mama tu.

Sikurudi ukumbini. Nikaenda kituo cha basi, nikakata tiketi ya Masan.

Nilimkuta baba gatini, anasuka kamba za kufugia kome. Hakuuliza nimefuata nini katikati ya wiki. Akasogeza ndoo ili nikae. Sikukaa.

"Baba, picha ya babu umempa nani?"

Kamba ikasimama.

"Mkurugenzi alikuja mwenyewe," akasema. "Na viatu vyake vya ngozi, akakanyaga matope haya. Akasema atanunua kome wangu wote, miaka mitatu. Binti yake anataka kusoma udaktari, anahitaji kitu cha kuonyesha."

"Ukamuuzia babu."

"Nilimpa picha na maneno. Machipuko haya serikali imenifungia bahari siku arobaini kwa sababu ya sumu. Nani alinilisha? Vikaratasi vyako?"

"Hivyo vikaratasi ndivyo vingekufungulia bahari, baba!"

"Lini? Ukiwa na mvi?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Alikuwa baba yangu kabla hajawa babu yako. Kama kuna mtu wa kumuuza, ni mimi."

Wadau, matusi ningejibu. Lile sikuweza.

"Na jina langu?"

"Walisema litabaki. Chini kidogo tu."

Chini kidogo tu. Nikaondoka bila kuingia ndani kumsalimia mama.

Niliporudi Jinju profesa alinipokea vizuri, akanipa chai, kisha akasema kitu ambacho sijakisahau. "Ukikaa kimya, mradi unapona. Ukisema, mradi unakufa. Sitakulaumu kwa lolote."

Nikawafikiria wale mia nne. Walichanga kwa sababu ya mtu mmoja aliyekufa na mjukuu aliyemcheka. Kama mjukuu anabadilishwa kama fulana, basi walichangia uongo.

Nikaandika ukurasa mzima pale pale tulipochangisha. Nilieleza yote, na jina la baba nikaliweka. Nikamaliza hivi: anayetaka pesa yake, arudishiwe.

Mi-reu alisoma kabla sijatuma. "Ukituma hii, tumekwisha."

"Tulishakwisha. Hii ni tanzia tu."

Akabonyeza yeye mwenyewe.

Kampuni ikajitoa siku hiyo hiyo, na mkataba wa baba ukafa. Shindano likatuengua. Seung-gyu akaacha timu, akaniandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nimemsamehe, ila salamu yetu sasa ni ya mbali.

Wachangiaji hamsini na kitu walidai pesa zao, tukarudisha. Waliobaki wakasema endeleeni. Yule muuza samaki wa Ulsan aliandika neno moja tu: "Fanyeni."

Halafu likaja la kunishangaza. Ye-rang akaweka maelezo yake hadharani, kwa jina lake. Kumbe alipokataa kusimama jukwaani, baba yake alimwambia mimi nimeshalipwa na nimefurahi. Alipojua ukweli akaandika kila kitu, akijua udaktari unaota mbawa.

Tulikutana Jinju, tukala tambi baridi. Mwisho akasema, "Dada, mimi na wewe tuliuzwa siku moja. Wewe ulichelewa kujua, basi."

Kweli. Waliouziana walikuwa baba wawili. Sisi tulikuwa mzigo.

Vikaratasi bado tunavitengeneza, mimi na Mi-reu, polepole, kwa pesa ndogo za watu wadogo. Ng'ambo hatujaenda. Baba na mimi tunaongea mambo ya hali ya hewa.

Najua mnasubiri niseme baba ni mbaya. Siwezi. Nimemkasirikia mpaka nimechoka, na bado namuona pale gatini na zile siku arobaini bila mauzo.

Ninachoweza kusema ni hiki. Ukianza kutembeza bakuli kwa ajili ya kazi yako, kabla hujaandika hata barua moja, kaa na watu wako uwaambie kwa mdomo ni kitu gani hakiuzwi. Usiseme wanajua. Mimi niliwaambia watu mia nne nisiowafahamu maana ya babu kwangu.

Baba sikuwahi kumwambia.