Kitufe cha Kusalimia

Profesa wetu wa masomo ya habari alikuwa na desturi ya kugawa kazi kwa kufuata viti. Waliokaa mbele walipewa magazeti, waliofuata matangazo ya redio, kisha filamu. Rafiki yangu na mimi tulikuwa tunakaa nyuma kabisa, kando ya dirisha lisilo na kioo, basi sisi tukabakiwa na mchezo wa video. Ulikuwa mchezo wa safari na mikasa, wa ile inayochezwa kwenye televisheni. Tulitakiwa tuueleze kwa mambo mawili. La kwanza ni aina yake: kwa dalili gani mtu anajua kwamba hii ni hadithi ya safari, si ya vita wala ya mpira. La pili ni uwakilishi: watu gani wanaonyeshwa mle ndani, na wanaonyeshwa vipi.

Darasa zima lilicheka. Mimi moyoni nilishangilia, maana kaka yangu ni fundi wa televisheni huko Mangobo, na mchezo wenyewe anao. Nilikuwa nimeucheza hata nikachoka nao. Nilijua pa kurukia, pa kujificha, na mlango upi unafunguka kwa ufunguo upi. Nikamwambia rafiki yangu kazi imekwisha, tuandike tu.

"Mimi sijashika manette hata siku moja," akasema, yaani kile kidude cha kuchezea. "Bon, tuanze na mwanzo."

Ndivyo alivyokuwa. Tulipatana tangu mwaka wa kwanza, ingawa tulitoka pande mbili za mji. Mimi ni mtoto wa watu wa mto, baba wa Yanonge, mama wa Isangi, Wakatoliki wa kuamka na kengele. Yeye ni binti wa fundi cherehani, wa moja ya zile familia za Kiislamu za zamani hapa Kisangani, ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara kutoka mashariki. Darasani alikuwa akiuliza maswali polepole mno, mpaka wenzetu wanavuta pumzi na kutazama dari. Kisha jibu la profesa likija, wote wanaandika.

Jumamosi asubuhi tulikwenda karakana ya kaka yangu. Kaka alitusafishia benchi, akasogeza mizoga ya televisheni alizokuwa anazitengeneza, akauunganisha mchezo kwenye ile iliyokuwa nzima. Nilianza mimi, ili nimwonyeshe. Hadithi ni ya mwanamke mmoja mchora ramani ambaye kaka yake amepotea kwenye mto mkubwa wenye misitu pande zote mbili. Nchi haitajwi. Lakini mbele ya maporomoko kuna magogo yamesimamishwa majini, na vikapu virefu vya kutegea samaki vimening'inizwa juu yake, na mtu yeyote wa hapa akiviona atasema, hii ni Wagenia, kwa wavuvi wa maporomoko yetu, watengenezaji walitazama picha za Wagenia. Nilipita pale mbio, nikaokota kamba, nikaruka juu ya magogo, nikafika ng'ambo. Kaka akapiga makofi.

Halafu nikampa yeye manette.

Alitembea. Sijawahi kuona mtu akitembea katika mchezo ule. Alikwenda hatua kwa hatua, akasimama kutazama majani, akageuka kutazama alikotoka. Mara mbili alimtumbukiza yule mwanamke mtoni, akamwomba radhi. Kaka yangu alijizuia kucheka, ikamshinda, akatoka nje. Rafiki yangu alipofika kwenye kijiji cha wavuvi, pale ambapo mimi nilipita mbio, akasimama mbele ya mwanamume aliyekuwa anafuma kikapu, akabonyeza vitufe vyote kimoja baada ya kingine. Yule mwanamke kwenye televisheni aliruka, akainama, akatoa kisu, akarudisha kisu.

"Bouton ya kusalimia iko wapi?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Namna gani hakuna? Huyu mwanamke iko mbele ya watu. Ameingia kwao."

"Hakuna. Unachukua kamba, unaenda."

Aliweka manette mapajani akaitazama ile sura ya mvuvi muda mrefu. Mvuvi aliendelea kufuma. Mkono wake ulikuwa unarudia mzunguko uleule, na macho yake hayakuinuka.

Hapa kwetu, ukivuka kwenda Lubunga, huwezi kupanda mtumbwi bila kusalimia kila aliyemo, hata kama mvua inakunyeshea. Mimi nalijua jambo hilo tangu nilipoanza kusema. Lakini katika mchezo ule nilikuwa nimepita kijiji hicho mara nyingi bila kulikumbuka. Nilikuwa nimeingia kwenye mto wa baba yangu kama mgeni, na ugeni ule haukunishangaza.

"Donc," akasema, "safari ni ya mwenye kufika. Wenye kukaa hapo, wao hawana safari." Akafikiri tena. "Labda ndiyo aina yenyewe. Pasipo mgeni, hakuna mikasa. Kama ungekuwa unapajua, ungeenda tu nyumbani."

Kaka yangu alikuwa amerudi. Hakucheka tena. Akavuta kigoda, akakaa.

Kuanzia siku ile tuliucheza kwa mwendo wake. Nami, niliyedhani ninaujua mchezo, nikaanza kuuona. Tuliona jinsi mvua inavyoanza ng'ambo, ikaja juu ya maji kama pazia linalovutwa, ndipo ikufikie. Yaani hasa kama inavyokuja kwetu. Tuliona maji yenyewe: mtengenezaji mwingine angeyapaka buluu, lakini haya yalikuwa ya rangi ya chai, na mbele ya machweo yakawa ya shaba. Tulisikia kwamba mahali pa mkondo mkali mlio wa mto hubadilika kabla hujauona mkondo wenyewe. Rafiki yangu alimpenda sana yule mwanamke. Alipendezwa kwamba akipanda mwamba anahema, nywele zinamganda usoni, suruali inajaa tope na tope halitoki mpaka anawe. "Hawakumvalisha ili atazamwe," alisema. "Wamemvalisha ili afike." Katika hadithi za namna hii, akasema, mwanamke kwa kawaida ndiye anayetafutwa. Humu anatafuta yeye, na anayeokolewa ni mwanamume.

Nilidhani basi tumekwisha kuukubali mchezo.

Kisha, Jumamosi iliyofuata, akatokea adui. Mimi nilijua anakuja, lakini sikuwahi kufikiri kumwonya mwenzangu. Ni mfanyabiashara. Anatoka kwenye giza la ghala, kanzu nyeupe, kofia iliyotariziwa, tasbihi mkononi, na muziki unashuka chini. Ndiye aliyemteka kaka wa yule mwanamke, na ndiye anayenunua watu kwenye mto.

Rafiki yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyu iko sawa na papa," yaani baba yake. Akasimama, akasema saa ya sala imefika, akafunga vizuri mtandio wake na kwenda. Hakurudi.

Jumatatu hakuonekana darasani. Nilikwenda kwao mchana. Baba yake alikuwa kwenye baraza, nyuma ya cherehani, amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa. Nilishindwa pa kuweka macho.

"Mama, keti," akaniambia, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti. "Mwenzako amenieleza. Anasema mko na mutu kama mimi ndani ya televisheni, na ni mubaya sana."

"Papa, si wewe. Ni..."

"Najua si mimi." Akakata uzi kwa meno. "Nipelekeni nimwone."

Binti yake alitoka ndani aliposikia hivyo, macho yamemvimba kidogo, akamkatalia. Mzee alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, yeye mbele. Kaka yangu alipomwona mzee akiingia karakana na kanzu yake, alizima mchezo haraka, na ilibidi tumsihi auwashe tena. Mzee alitaka kuona tangu mwanzo. Akaomba manette. Alimzamisha yule mwanamke, akamzamisha tena, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu yake. "Maskini binti wa watu," akasema, "nimemuua kwa maji." Binti yake naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alipofika yule mfanyabiashara, mzee alimrudishia kaka manette na kutazama mpaka kipande kile kikaisha.

"Si uongo wote," akasema mwishowe. "Watu wetu walifanya ile biashara. Babu yangu aliisema waziwazi, hakuipamba. Mkiandika kazi yenu, musifute hilo."

"Lakini papa, si hilo lililoniumiza," rafiki yangu akasema.

"Ni nini basi?"

Binti alisogea karibu na televisheni. Alimwomba kaka yangu arudishe nyuma, tutazame tena. Tukatazama tena. Tukaenda mbele, kila mahali anapotokea yule mtu: ghalani, gatini, kwenye mashua, juu ya maporomoko. Ndipo akasema, akimtazama baba yake na si televisheni.

"Hana nyumba. Yule mwanamke tumejua mama yake, tumejua kaka yake, tumejua hata chakula anachopenda. Huyu hatujamwona akila. Hatujamwona akivua viatu. Watu wa kanzu wako wengi katika mji huu, kuna muuza vitambaa, kuna mwalimu, kuna wewe na cherehani yako. Mule ndani iko mmoja tu, na hana hata mtoto wa kumfungulia mlango. Mutu asiye na nyumba, ni rahisi kumchukia."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akasema, "Bon. Andika hivyo."

Tulimaliza mchezo wiki hiyo. Ulipoisha, mimi niliinuka, kwa kuwa majina ya watengenezaji yanapoanza kupanda, kila mtu huinuka. Rafiki yangu alinivuta nikae. Tukayasoma: waliochora miti, walioandika maneno, waliofanya mvua. Watu wengi ajabu, wa nchi nyingi. Chini kabisa tukakuta majina ya walioimba na kusema sauti za wavuvi, wale ambao hadithini hawakupewa jina hata mmoja. Tuliyasoma kwa sauti. Kaka yangu, ambaye ana mchezo ule miaka na miaka, alisema hakujua kwamba majina hayo yapo.

Siku ya kuwasilisha alisema rafiki yangu, mimi nikaonyesha picha. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni. Alianza na sifa, na hakuharakisha: mvua, rangi ya maji, mwanamke anayehema. Kisha akaeleza kijiji kisicho na salamu na mtu asiye na nyumba, na jinsi vyote viwili vinavyotokana na sheria ya aina hii ya hadithi, kwamba lazima awepo mgeni, na lazima awepo wa kuogopwa. Mwenzetu mmoja wa viti vya mbele akainua mkono.

"Lakini dada, ni mchezo tu. Mutu anacheza, anaenda kulala."

"Wewe umeucheza?"

"Sana."

"Ulipofika kwa wavuvi, ulifanya nini?"

"Nilichukua kamba nikaenda."

"Mmoja wao alikuwa na kovu shavuni. Ulimwona?"

Yule kijana akacheka mwenyewe kabla ya wengine. "Kweli sikumwona," akasema. "Leo nitamtafuta."

Profesa alikuwa amesimama dirishani kwetu, mikono nyuma. Alikuwa mtu mkali, na sisi sote tulikuwa tukimwogopa. Akauliza swali moja tu.

"Na ninyi wenyewe, mchezo huu mnaupenda?"

Nilihisi ni mtego. Tukisema ndiyo, uchambuzi wetu utaonekana wa mashabiki. Tukisema hapana, wa watu wenye kinyongo. Nikamtazama mwenzangu.

"Tunaupenda," akasema. "Ndiyo maana tumeutazama kwa makini. Kitu usichokipenda unakipita mbio."

Profesa akaondoka dirishani. Alirudi mezani kwake, akakaa, akaandika. Kisha akatuomba, kwa adabu ambayo hatukuizoea kutoka kwake, tuje tuseme maneno hayohayo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tulikwenda. Wiki ile rafiki yangu hakula vizuri kwa woga, na asubuhi ya siku yenyewe mama yake alimlazimisha amalize sahani ya lituma, zile ndizi za kutwanga ambazo mtu wa Kisangani akizikosa anajiona hajala, kabla hajamruhusu kutoka mlangoni. Aliposimama mbele ya ukumbi ule mkubwa hakuonekana mwoga hata kidogo. Msichana mmoja alimuuliza kama basi tusicheze michezo ya namna hiyo. Akamjibu acheze, tena acheze yote, ila siku moja awe miongoni mwa wale wanaoitengeneza.

Sasa mimi niko redioni, nasoma habari za mchana kwa Kiswahili na Kilingala. Yeye alibaki chuoni, ni msaidizi wa profesa yuleyule, na kila mwaka ndiye anayegawa kazi. Mwaka huu nilipita kumchukua twende nyumbani, nikamkuta bado anafundisha. Mlango ulikuwa wazi. Mwanafunzi mmoja alikuwa anauliza swali refu, la polepole, wenzake wameanza kuvuta pumzi. Yeye alikuwa ameegemea meza, anamsikiliza, na alikuwa amewainulia wale wengine kiganja ili wanyamaze.